Leseni za maktaba tunazozitegemea hazioani: programu ya mizani ya korosho

Karani wa Mizani, Newala, anauliza:

Ndugu zangu, habari za kutwa.

Mimi na wenzangu wawili tumeandika programu ndogo ya kupokelea korosho ghalani. Gunia linapandishwa kwenye mizani, programu inasoma uzito kupitia waya, inatoa uzito wa gunia tupu, inaandika jina na namba ya mkulima, kisha inachapa risiti na kumtumia mkulima ujumbe mfupi wa simu. Imetumika msimu mmoja katika AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) moja ya huku kwetu, kwenye kompyuta mpakato yenye kioo kilichopasuka, na haikutuaibisha. Sasa chama kingine cha upande wa Nachingwea kinaiomba, nasi tumekubaliana kuiweka hadharani kama programu huria ili atakayeihitaji aichukue bila kutuuliza.

Tulikwama tulipofika kwenye kuandika leseni. Sehemu inayokokotoa makato na kutunza hesabu ya kila mkulima hatukuianzisha sisi. Tuliinyofoa kutoka kwenye programu ya zamani ya hesabu za duka, ambayo ina faili la GPL toleo la 2, leseni huria inayotaka kazi iliyojengwa juu yake ifuate masharti yaleyale. Madirisha tumeyaandika kwa PyQt6, ambayo ni GPL toleo la 3. Ujumbe wa simu tunautuma kwa requests, ambayo ni Apache 2.0. Risiti zinatengenezwa na ReportLab, ya BSD (leseni nyepesi), lakini kuna mahali tunasoma risiti za PDF za msimu uliopita kwa PyMuPDF, na hiyo imeandikwa AGPL, ndugu wa GPL. Ripoti za mwisho wa msimu zinapangwa na pandas. Kuzungumza na waya wa mizani tunatumia pyserial, ila kipande kinachotafsiri namba zinazotoka kwenye mizani tulikikuta kwa kijana mmoja aliyekiweka mtandaoni bila leseni ya aina yoyote.

Nilipoendesha pip-licenses, kifaa kinachoorodhesha maktaba (vipande vya programu vya watu wengine) na leseni zake, nilitarajia mistari 6, yaani maktaba 6 nilizoziorodhesha kwa mkono wangu mwenyewe. Ikatoka mistari 18. Mingine ni majina ambayo sikuwahi kuyasikia.

Mwenzangu mmoja anasema kwamba zote ni huria, kwa hiyo hakuna neno. Mwingine anasema tufute kila kitu na kuanza upya. Msimu unafunguliwa Oktoba na sina nafasi ya kuanza upya. Naomba kujua: je, mchanganyiko huu unaweza kutolewa kihalali kama ulivyo, na kama hauwezi, ukaguzi nauanzia wapi?

Fundi wa Mikindani:

Karani, mwenzako wa kwanza amekosea na wa pili ametaharuki.

Ni kweli kwamba kila kimoja kati ya vipande hivyo, ukikitoa kile cha kijana, ni huria kikisimama peke yake. Lakini leseni ni ruhusa yenye masharti, na unapounganisha vipande viwili vikawa programu moja unalazimika kutimiza masharti ya vyote viwili kwa wakati mmoja. Leseni zisizooana ni zile ambazo ukitimiza sharti la moja unakuwa umeivunja nyingine, hata kama waandishi wa pande zote mbili walikuwa na nia njema kabisa.

Chukua GPL toleo la 2, iliyotoka Juni 1991. Inataka kazi nzima iliyojengwa juu yake itolewe kwa masharti yake, na kifungu chake cha 6 kinakukataza kumwongezea mpokeaji kizuizi chochote zaidi ya vile vilivyomo humo. Apache 2.0 ilitoka Januari 2004 ikiwa na sharti la hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake: mtu akifungua kesi kudai kwamba kazi ile inavunja hataza yake, ruhusa ya hataza aliyokuwa amepewa inakoma. Kwa maoni yangu hilo ni sharti zuri, lakini halimo ndani ya GPL 2, kwa hiyo mbele ya kifungu cha 6 linahesabika kuwa nyongeza. GPL toleo la 3, ya Juni 2007, iliandikwa huku watu wakiliona tatizo hilo waziwazi, na kifungu chake cha 7 kinakubali nyongeza za aina fulani. Ndiyo maana Free Software Foundation, ambao ndio wenye maandishi ya GPL, wanasema kwamba msimbo wa Apache 2.0 unaweza kuingia katika programu ya GPL 3, lakini hauwezi kuingia katika programu ya GPL 2 pekee. Tena mlango huo unafunguka upande mmoja tu, kwa sababu msimbo wa GPL 3 ukiingia katika programu ya Apache, programu nzima inapotolewa lazima ifuate GPL 3.

GPL 2 na GPL 3 zenyewe nazo, ingawa ni ndugu wa baba mmoja, haziungani. Kila moja inataka iwe ndiyo leseni ya kazi nzima.

Kwa hiyo acha kwanza ile mistari 18 na urudi kwenye msimbo wa hesabu za duka. Faili la leseni ulilolikuta halitoshi kukujulisha kitu, kwa kuwa maandishi ya GPL 2 ni yaleyale kwa mtu aliyeandika «toleo la 2 peke yake» na kwa mtu aliyeandika «toleo la 2 au, ukipenda, toleo lolote la baadaye». Tofauti iko kwenye mistari ya mwanzo ya kila faili la msimbo, pale panapotajwa jina la mwandishi na mwaka. Yafungue yote, moja baada ya jingine. Ukikuta maneno ya «toleo lolote la baadaye», una haki ya kulichukua faili hilo chini ya GPL 3, na fundo lote linafunguka. Ukikuta «toleo la 2 peke yake», umefungwa. Ukikuta GPL imetajwa bila namba ya toleo, kifungu cha 9 cha GPL 2 kinakuruhusu kuchagua toleo lolote lililowahi kutolewa na Free Software Foundation. Ukikuta mistari ya mwanzo haisemi kitu kabisa, usijiamulie; mwandikie mwenyewe umuulize.

Kuhusu kijana wa mizani, hapo hakuna mjadala. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, inazilinda programu za kompyuta kama inavyolinda maandishi mengine, na ukimya wa mwenye kazi hauwi ruhusa. Kuweka kitu mahali ambapo watu wanaweza kukisoma ni jambo moja. Kuwaruhusu wakinakili, wakibadili na wakigawe ni jambo jingine. Mwombe aweke leseni.

Ikiwa itathibitika kwamba umefungwa na GPL 2, njia ya mkato kwa madirisha ni kuhama kutoka PyQt6 kwenda PySide6. Zinafanana sana kwa matumizi, na PySide6 ni LGPL (GPL iliyolegezwa kwa ajili ya maktaba), kwa hiyo hilo litakuwa limekwisha.

Kijana wa Chikongola:

Kwa heshima zote, Fundi, nadhani mnamtwisha ndugu yetu mzigo usio wake. Ninavyofahamu mimi, GPL hailazimishi kitu hadi programu igawiwe. Programu hii inafanya kazi ndani ya ghala la chama, haiuzwi dukani, na hakuna mtu atakayefunga safari kuja Newala kukagua faili moja moja. Watumie, wavune, na siku ikipata umaarufu ndipo watafute mwanasheria.

Mhasibu, Nachingwea:

Mdogo wangu wa Chikongola, sehemu ya kwanza ya maneno yako ni sahihi na inafaa kusemwa. Mtu akichanganya GPL 2 na Apache nyumbani kwake, akatumia mwenyewe, hakuna sharti alilolivunja. Lakini soma tena swali. Aliyeandika programu ni Karani na wenzake wawili. Anayeitumia ni chama, ambacho ni mtu mwingine kisheria. Siku walipokabidhi ile kompyuta yenye programu ndani yake, waligawa. Watakapotupatia sisi huku Nachingwea, watagawa tena, na wakiiweka mtandaoni watakuwa wamemgawia kila mtu. Kwa hiyo suala la matumizi ya ndani halina nafasi hapa.

Naongea hivi kwa sababu mimi ni mhasibu wa chama cha msingi, na kabla bodi yetu haijapokea programu yoyote, mimi ndiye ninayeulizwa kama ni halali kuwa nayo. Mtu anayesimamia stakabadhi za wakulima hawezi kujibu kwamba ni halali kwa kuwa hakuna wa kutukagua. Maneno hayo ndiyo wanayoyasema watu wa kangomba, wanaonunua korosho kwa njia haramu.

Karani, kuna mambo mawili ambayo Fundi hakuyagusa. La kwanza ni hiyo AGPL. Watu wengi wanaiona kama GPL yenye herufi moja ya ziada, lakini kifungu chake cha 13 kinamhesabu hata mtu anayeitumia programu yako iliyobadilishwa kupitia mtandao kuwa na haki ya kupewa msimbo wake. Leo PyMuPDF iko ndani ya kompyuta ya ghalani na haisumbui mtu. Lakini nimesikia mnafikiria kuweka ukurasa ambao mkulima ataingia kwa simu yake na kuona kilo zake, na siku mtakapoupeleka msimbo huo kwenye seva, sharti hilo litakuwa limeamka. Tena AGPL 3 inaungana na GPL 3 kwa ruhusa iliyoandikwa ndani ya leseni zote mbili, lakini haiungani na GPL 2 pekee. Jiulizeni kama mnaihitaji kweli. Kama kazi yenu ni kusoma maandishi tu kwenye risiti za zamani, pypdf inayaweza na leseni yake ni BSD.

La pili ni kwamba mmekwisha kugawa mara moja. Chini ya GPL 2, kifungu cha 4, anayegawa kinyume cha masharti anapoteza ruhusa yake papo hapo. GPL 3 ina huruma zaidi katika kifungu cha 8, kwamba ukiacha kuvunja na zikapita siku 60 bila mwenye haki kukujulisha, ruhusa yako inarudi moja kwa moja. Sisemi hivi ili kuwatisha. Ninasema kwamba mkiwaandikia waandishi wa awali kuomba ufafanuzi, waelezeni ukweli wote katika barua hiyohiyo.

Mzee wa Mingoyo:

Nimesoma yote hapo juu, na kabla sijaongeza la kwangu naomba nimrekebishe mwanangu Fundi mahali pamoja. PySide6 haimwokoi Karani kwa sababu ya kuwa LGPL. LGPL anayoisema ni toleo la 3, na toleo hilo limejengwa juu ya GPL 3, kwa hiyo haliingii katika programu ya GPL 2 pekee. Kinachomwokoa ni kwamba wenye Qt, maktaba ya madirisha iliyo chini ya PyQt6 na PySide6, wametoa hiari kwa PySide6: mpokeaji anaweza kuichukua chini ya LGPL 3, au GPL 2, au GPL 3. Mtu aliyefungwa na GPL 2 anachagua hiyo ya katikati na kuandika wazi kwamba ndiyo aliyoichagua. Tena achunge, kwa sababu baadhi ya moduli za Qt, kama ile ya kuchora chati, hazimo katika hiari hiyo. Zimetolewa kwa GPL 3 pekee kwa upande wa leseni huria. Asipoangalia ataagiza chati ya mavuno kwa mstari mmoja wa msimbo na kurudi kule alikotoka.

Sasa nije kwenye ukaguzi wenyewe, maana Karani aliuliza aanzie wapi.

Wewe ni karani wa mizani, umewaona watu wa kupima ubora wanavyofanya. Hakuna anayeandika daraja la korosho kwa kusoma maandishi ya gunia. Anachota sampuli, anazipasua kwa kisu moja moja, anaangalia kiini. Ile pip-licenses inasoma maandishi ya gunia, yaani inakupa neno ambalo mwandishi wa maktaba alilijaza mwenyewe siku alipoipakia. Alipokosea, nayo inakosea kwa adabu ileile. Kwa hiyo itumie kujua una magunia mangapi, lakini upasuaji ufanye kwa kifaa kinachoingia ndani ya mafaili, kama ScanCode, ambacho kinasoma maandishi ya kila faili na kukuonesha kila leseni iliyotajwa humo pamoja na mahali ilipo.

Kisa ninachopenda kuwasimulia vijana ni cha Machi 2021. Kulikuwa na maktaba ndogo ya lugha ya Ruby iitwayo mimemagic, kazi yake ni kutambua aina ya faili. Juu ya gunia iliandikwa MIT, leseni nyepesi isiyomsumbua mtu. Rails, ambayo ni msingi wa tovuti nyingi duniani, ilikuwa inaitegemea. Kisha mtu akapasua, akakuta ndani yake mna orodha ya aina za mafaili iliyochukuliwa kutoka shared-mime-info, na hiyo ni GPL. Mwenye mimemagic alipoambiwa, aliyaondoa matoleo ya zamani na kutoa mapya yenye leseni ya GPL, na watu ambao hawakuwa wamewahi kuisikia mimemagic waliamka na kukuta programu zao hazijengeki, kwa sababu maktaba waliyoitegemea ilitegemea nyingine iliyoitegemea hiyo. Rails wakabadilisha njia. Tazameni kwamba hakukuwa na mwizi katika kisa kile. Palikuwa na faili moja la data ambalo mtu alilinakili bila kufikiri kwamba data nayo ina mwenyewe.

Upasuaji nao una hofu zake za bure, na ni lazima uzijue ili usikimbie ovyo. Ukipasua numpy, ambayo pandas inaitegemea na imeandikwa BSD, utakuta katika kifurushi kilichokwisha kujengwa mna kipande cha libgfortran, na ScanCode itakupigia kelele kwamba umekuta GPL 3. Soma mbele kidogo. Pana msamaha ulioandikwa mahsusi kwa maktaba za GCC, kikusanyaji kinachogeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa, unaoruhusu programu yoyote iliyokusanywa nacho kuvibeba vipande hivyo bila kuvutwa chini ya GPL. Kila unapoona GPL tafuta kama kuna maneno ya msamaha, hata mbali nalo, maana msamaha huweza kukaa mbali na jina la leseni, na kifaa huliona jina kwanza.

Requests nayo ina historia yenye mafunzo. Kwa miaka mingi ilikuwa inavuta chardet, iliyokuwa LGPL, hadi toleo la 2.26.0 la Julai 2021, ilipohamia charset-normalizer ya MIT, na sababu ilikuwa leseni hiyo, kwa kuwa kulikuwa na miradi mikubwa isiyoweza kuibeba LGPL. Hivyo orodha uliyoikagua mwaka huu si ya mwakani. Maktaba ileile, jina lilelile, inaweza kubadilisha wategemezi wake au leseni yake kati ya toleo moja na jingine. Redis, programu ya kutunza data, ilitoka kwenye BSD Machi 2024, na watu waliokuwa wanasasisha kwa mazoea wakajikuta chini ya masharti mengine. Andika namba ya toleo kando ya kila leseni katika orodha yako.

Ukiona requests inakuzuia kwa sababu ya Apache, usitafute mbadala wa mbali. Chini yake kuna urllib3, ambayo ni MIT na ndiyo inayofanya kazi yenyewe ya kutuma. Kwa programu inayotuma ujumbe mfupi na kusubiri jibu, mistari mitano inatosha. Certifi utakayoiona kwenye orodha ni MPL 2.0 (leseni ya Mozilla), nayo isikutishe, kwa sababu leseni hiyo ya 2012 imeandika waziwazi kwamba inaruhusu kuunganishwa na GPL tangu toleo la 2, isipokuwa pale mwandishi mwenyewe alipokataa kwa maandishi.

Na mwisho, pip-licenses haiwezi kuona kitu ambacho hakikuja kwa pip, kipakuzi cha maktaba za Python. Angalia folda yako ya picha, aikoni na fonti. Mtu hujishughulisha na msimbo wiki nzima, kumbe aikoni ya kitufe cha kuchapa aliipata chini ya leseni inayokataza matumizi ya biashara, na kizuizi hicho peke yake kinaiondoa programu katika kundi la huria.

Fundi wa Mikindani:

Mzee, shikamoo. Nimekubali, nililipita suala la LGPL 3 kwa haraka kwa sababu nilizoea LGPL 2.1, ambayo ilikuwa haina tatizo hilo. Karani, chukua maneno ya Mzee kuhusu Qt, uyaache yangu.

Kwenye urllib3 tu ndipo ninapotaka kusogea pembeni kidogo. Nisingebadilisha maktaba hata moja kabla ya kujua mistari ya mwanzo ya yale mafaili ya hesabu inasemaje. Ikiwa yanaruhusu toleo la baadaye, PyQt6 inabaki, requests inabaki, na kazi yote hiyo ya kubadilisha itakuwa ya bure.

Karani wa Mizani, Newala:

Nawashukuru nyote. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na majibu mkononi.

Nilianza alikosema Fundi. Sehemu tuliyoichukua ina mafaili 11. Nilikaa nayo jioni moja, nikayasoma ya kwanza hadi ya mwisho. Mafaili 9 yana maneno ya «toleo la 2 au, ukipenda, toleo lolote la baadaye», tena mengine yameandikwa hivyo tangu mwanzo na mwandishi yuleyule. Mawili yanasema toleo la 2 peke yake, na kila moja lina jina la mtu tofauti. Inaonekana waliyaongeza baadaye kama msaada, na mwenye programu akayapokea bila kuyatazama.

Niliwaandikia wote wawili, nikaeleza kama Mhasibu alivyoshauri, pamoja na kwamba programu imekwisha kutumika msimu mmoja. Mmoja alijibu siku iliyofuata kwa mistari miwili, kwamba hakuwa na makusudi yoyote ya kuzuia matoleo ya baadaye na kwamba anaruhusu. Barua yake nimeiweka ndani ya folda ya programu, na mstari wa mwanzo wa faili lake tumeubadilisha kwa kibali hicho, tukiandika tarehe. Kwa yule mwingine, barua imerudi. Anuani haifanyi kazi tena, na nimetafuta njia nyingine nikakosa.

Kijana wa mizani amepatikana, naye alishangaa. Alidhani kuweka msimbo mahali pa wazi ndiyo kuruhusu kwenyewe. Ameongeza faili la MIT, na akatuuliza kama tunaweza kumrudishia yale marekebisho tuliyoyafanya kwa mizani inayotuma uzito mara mbili gunia linapotikisika. Tumempelekea.

Mzee, fonti. Nilicheka peke yangu. Fonti ya risiti niliinakili mwenyewe kutoka kwenye kompyuta ya Windows ya ofisini, nikaiweka ndani ya folda ya programu, na sikuwahi kufikiri kwamba ina leseni isiyoniruhusu kuigawa. Nimeweka nyingine iliyotolewa chini ya leseni ya SIL ya fonti huria. Herufi zake ni pana kidogo, kwa hiyo jina refu la mkulima linashuka mstari wa pili kwenye karatasi ya milimita 58, nami nimelazimika kupunguza ukubwa.

PyMuPDF tumeitoa. Mhasibu alikuwa sahihi. Tulikuwa tunaitumia kwa mistari 11 tu ya kusoma maandishi, na pypdf imeishika kazi hiyo bila shida. PyQt6 na requests zinabaki kama Fundi alivyotarajia, kwa sababu programu nzima itatoka kwa GPL toleo la 3 au la baadaye, mradi tukilimaliza lile faili moja lililobaki.

Faili hilo ndilo linalokokotoa makato na kukadiria senti. Tumeamua kuliandika upya. Nimechukua karatasi mbili nikaeleza kwa maneno yangu kinachoingia, kinachotoka, na mifano 12 ya hesabu kutoka kwenye daftari la ghala, bila kuandika hata mstari mmoja wa msimbo wa zamani. Mwenzangu yule aliyetaka tufute kila kitu ndiye pekee ambaye hajawahi kulifungua faili hilo, kwa hiyo kazi imemwangukia yeye. Ameanza jana usiku. Faili la zamani nimelihamishia kwenye kompyuta yangu, na nimemwambia asiniombe kulitazama hata akikwama.

Mhasibu, Nachingwea:

Vizuri. Mkimaliza, mtupatie ile orodha ya maktaba pamoja na namba za matoleo, kisha programu yenyewe. Kikao cha bodi ni wiki ya pili ya Septemba.